Kidonda kisichopona kwa mwenye kisukari: niliyojifunza chumba cha vidonda

Mimi ni nesi wa vidonda. Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Dar es Salaam imekuwa kufungua bandeji, kusafisha na kufunga upya, na wengi wanaopanda kitanda chetu wana kisukari. Wapo wanaotoka Mbagala na Gongo la Mboto, wapo wa Rufiji na Mkuranga, wapo walioletwa na watoto wao kutoka mikoani baada ya kuzunguka hospitali mbili tatu. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na leo nataka kulisema wazi: mgonjwa akishaandikiwa kwenye faili "kidonda cha kisukari", mara nyingi hakuna tena anayeuliza ndani ya kidonda kile kuna nini. Nimeona miguu ikikatwa kwa sababu hiyo.

Sisemi kwamba jina hilo ni la uongo. Kwa wagonjwa wengi ndivyo ilivyo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguuni inaharibika, mtu anavaa kiatu kinachombana, anatoka lengelenge, hasikii maumivu, anaendelea na safari zake. Bakteria wa kila siku, hasa stafilokokasi, wanaingia na kidonda kinaanza. Kidonda cha namna hiyo kina tabia yake. Ukikisafisha vizuri, ukaondoa nyama iliyokufa, mgonjwa akaacha kukikanyagia, sukari ikashuka na damu ikawa inafika mguuni, kinasinyaa. Baada ya wiki nne kinatakiwa kiwe kimepungua karibu nusu. Kisipopungua tunatafuta kwanza sababu zinazojulikana: huenda bado anakikanyagia, huenda mshipa wa damu umeziba, huenda vijidudu vimeshaingia kwenye mfupa. Hayo yote yakikaguliwa na kidonda bado kimegoma, ndipo inapobidi kukubali kwamba huenda mle ndani yumo mdudu ambaye dawa tunazoandika kila siku hazimfikii kabisa.

Aliyenifundisha hili kuliko mwalimu yeyote wa chuoni ni mzee mmoja, mkulima na mfugaji kutoka upande wa Dodoma. Alikuja na mwanawe wa kiume akiwa na barua ya kukatwa mguu chini ya goti. Barua ilisema ana kisukari na kidonda kilichooza hadi mfupani. Alikuwa ameshameza antibaiotiki za kila aina, na nyingine alichomwa sindano. Nilipofungua bandeji niliona mguu ambao haukufanana na barua. Unyayo ulikuwa umevimba kuanzia katikati hadi kwenye vidole, mgumu ukiubonyeza, na juu yake kulikuwa na vitundu vingi vidogo, vingine vimefunga na kuacha kovu, vingine vinatoa majimaji mazito. Hakukuwa na ile harufu ya mguu uliooza. Na mzee hakuwa na ganzi: nilipomgusa kidole kwa ncha ya uzi wa plastiki tunaotumia kupima hisia, alisikia kila mara.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, uvimbe huu na sukari, kipi kilitangulia?"

"Uvimbe, mwanangu. Uvimbe una miaka. Sukari nimeambiwa juzi juzi tu, waliponipima ili wanifanyie operesheni."

Mwanawe akaongeza kwamba baba alichomwa mwiba wa mgunga akichunga, akautoa mwenyewe, akasahau. Miaka ikapita, kikatokea kinundu kisichouma, kikakua polepole. Katika kuzunguka kote huko hakuna aliyekuwa amewauliza swali hilo, na jibu lake halikuhitaji hata shilingi moja.

Shashi niliyoitoa kwenye mguu wake sikuitupa. Niliinyoosha kwenye sinia, nikavuta taa karibu, nikaona chembe nyeusi, ndogo kuliko mbegu za mchicha, zimetapakaa kwenye yale majimaji. Ukiikamata moja kwa koleo na kuibonyeza unasikia ni ngumu, haisagiki kama damu iliyoganda. Nikamwita daktari. Alipoziona alikaa kimya kidogo, kisha akasema ziende maabara hizo hizo kabla hata ya kitu kingine. Maabara walizivunja wakaziwekea tone la kemikali iitwayo potasiamu haidroksaidi, na chini ya hadubini zikaonekana nyuzi za fangasi. Daktari wa upasuaji akakata nyama ya ndani, na majibu ya patholojia, yaani maabara ya kuchunguza nyama ya mwili, yakathibitisha: mycetoma, ugonjwa ambao vitabu vya zamani viliuita mguu wa Madura kwa sababu ulielezwa mapema huko Madurai, India.

Fangasi anayeusababisha mara nyingi zaidi anaitwa Madurella mycetomatis. Anaishi kwenye udongo na kwenye miiba ya nchi kavu, na anaingia pale mwiba unapoingia. Anatafuna taratibu mno, ngozi, nyama, kisha mifupa, huku mtu anaendelea kulima. Ila si fangasi peke yake. Kuna bakteria wanaoleta mguu wa sura hiyo hiyo, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Wa bakteria hutibiwa kwa kotrimoksazoli, ile ambayo watu wanaiita Septrin, mara nyingi pamoja na sindano za amikasini, na wengi wanapona bila kisu. Wa fangasi anahitaji itrakonazoli kwa muda mrefu, mwaka au zaidi, na mara nyingi upasuaji wa kuondoa kilichobaki. Rangi ya chembe inasaidia kukisia: nyeusi ni fangasi, nyekundu ni bakteria, nyeupe na njano zinaweza kuwa upande wowote, kwa hiyo maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2016. Kituo kilichoongoza dunia katika kuutafiti kilikuwa Khartoum, kilianzishwa 1991, na vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 vimekiharibu. Kila nikifikiria hilo naumia, kwa sababu wagonjwa wa mwiba hawana watetezi wengi.

Mzee hakukatwa chini ya goti. Aliondolewa uvimbe na vidole viwili, akaanzishiwa vidonge. Hapo nikajifunza jambo la pili, ambalo kwa mwenye kisukari ni zito sawa na la kwanza: dawa za vijidudu hivi adimu zinagongana na dawa za sukari na za moyo. Itrakonazoli haiendi pamoja na simvastatini ya kolesteroli, na mtu mwenye moyo uliochoka haifai kupewa hivi hivi. Kotrimoksazoli ikikutana na glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, sukari inaweza kushuka ghafla mtu akazimia. Rifampisini ya kila siku, dawa ya kifua kikuu na jamii yake, inafanya kinyume, inazipunguza nguvu dawa hizo hizo za kisukari na sukari inapanda. Mgonjwa anayeanza tiba kama hizi apimwe sukari mara nyingi zaidi, na aliyemwandikia dawa ya kidonda azungumze na anayemwandikia ya kisukari. Mara nyingi hawazungumzi. Mgonjwa au ndugu yake ndiye anayelazimika kubeba karatasi kutoka chumba hiki kwenda kile.

Tangu hapo maswali yangu yalibadilika. Zamani nilianza na sukari: ilikuwa ngapi asubuhi, unatumia dawa gani. Siku hizi naanza na mtu. Kidonda kilianza na nini: lengelenge, kinundu, doa, mchubuko? Ulikuwa wapi? Unafanya kazi gani, pekupeku au na viatu? Unalala wapi, kitandani au chini? Umewahi kuishi mkoa gani, nchi gani? Na ukiniambia "nesi, mimi nilikanyaga kitu", yaani kitu kilichotegwa na mtu mbaya, sikukatizi wala sikukemei. Nakuuliza ulikikanyaga wapi na lini. Mtu akieleza alipokanyaga anakuwa ameshanieleza kama ni matope ya mto, pwani wakati wa maji kupwa, zizini au shambani, na ngozi ilianza kubadilika baada ya muda gani. Maelezo hayo kwangu yana thamani kubwa.

Kwa njia hiyo hiyo tulimpata mama mmoja wa Lindi, muuza vitumbua, aliyekuja na kidonda cha unyayo kilichozunguka hospitali kwa muda mrefu. Kisukari alikuwa nacho kweli, lakini hakikuwa cha zamani na sukari yake haikuwa ya kutisha. Ganzi ya kisukari ina mpangilio: inaanzia vidoleni, inapanda miguu yote miwili kwa pamoja, mpaka mtu anasema anahisi amevaa soksi wakati hajavaa. Yake ilikuwa mguu mmoja kuliko mwingine, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimejikunja. Nikamuuliza kuhusu mkono. Akasema umekuwa hivyo siku nyingi, alidhani ni kazi ya kukoroga unga. Nikamwomba aniruhusu nimkague ngozi, tukavuta pazia. Kwenye paja kulikuwa na doa lililofifia rangi, kubwa kiasi, ambalo alikuwa akilipaka dawa ya fangasi. Niligusa pembeni yake kwa pamba, akasikia. Nikagusa katikati, hakusikia. Daktari akapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, ulikuwa mnene.

Ulikuwa ukoma. Watu wanadhani uliisha zama za mababu zetu, lakini bado upo Tanzania, na ukanda wa kusini na pwani unaufahamu. Unaharibu mishipa ya fahamu kama kisukari kinavyofanya, na mtu akiwa na vyote viwili ni rahisi mno kukisingizia kimoja. Dawa zake, rifampisini, dapsoni na klofazimini, zinatolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina. Tukaongeza na jambo ambalo hata baadhi ya wataalamu wa sukari hawalikumbuki: dapsoni inafupisha maisha ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinatoka chini kuliko hali halisi. Mama angeweza kupongezwa kwa sukari nzuri kumbe iko juu. Kwake tulifuata sukari ya kidole. Na alipopata uvimbe wa mishipa ya fahamu katikati ya tiba akapewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, tulikuwa tumeshamwandaa kwamba sukari itapanda na dozi ya insulini itabadilika.

Lililomwuma zaidi ni majirani. "Nani atakula vitumbua vyangu, mwanangu?" aliniuliza. Nilimwambia kilicho kweli: ukoma hauenezwi kwa chakula, na mtu akishaanza dawa anaacha kuambukiza ndani ya muda mfupi sana. Nikamwomba aje na binti yake siku inayofuata, nikarudia maneno yale yale binti akisikia, na watu wa nyumbani kwake wote wakakaguliwa ngozi.

Wapo wadudu wengine wa vidonda ambao nitawataja kwa haraka. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye kifundo cha mguu au kwenye ngozi bila kikohozi chochote, na mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Saratani ya Kaposi, inayoletwa na aina ya kirusi cha malengelenge, huanza na mabaka ya zambarau au meusi unyayoni na baadaye yanachimbika kuwa kidonda. Kila ninapoyaona nauliza kuhusu kipimo cha VVU. Kidonda cha Buruli, kilichopata jina kutoka eneo la Buruli, Nakasongola ya leo nchini Uganda, ambako kilichunguzwa sana miaka ya 1960, kwetu ni adimu, lakini watu wanasafiri. Bakteria wake ni ndugu wa wale wa kifua kikuu na ukoma, na anatoa sumu inayoua nyama na kuondoa maumivu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata mtu asiye na kisukari hasikii kitu. Kingo zake zimechimbika chini kwa chini: unaona kidonda kidogo juu, kijiti kinapita mbali chini ya ngozi. Hutibiwa kwa rifampisini na klarithromisini kwa wiki 8.

Mmoja tu kati ya hawa hasubiri. Kwenye maji ya bahari yenye joto, hasa pale mto unapomwagika, huishi bakteria aitwaye Vibrio vulnificus. Mwenye kisukari, na zaidi mwenye ini bovu, akiingia na mchubuko, mguu unaweza kuvimba na kutoa malengelenge yenye damu ndani ya siku moja. Mvuvi au mama anayeokota chaza akiona hivyo, ni hospitali usiku huo huo, na aseme neno "bahari" mapokezi.

Wengi wa hawa wanagunduliwa kwa njia moja, na hapa ndipo ninapogombana na utaratibu wetu. Kupaka pamba juu ya kidonda na kuipeleka maabara kunaleta orodha ya bakteria wanaoishi juu ya kidonda, si lazima yule anayekila. Kinachotakiwa ni kinyama cha ukingoni na cha ndani, baada ya kidonda kusafishwa, na kikatwe vipande viwili. Kimoja kinawekwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kwa ajili ya patholojia. Kingine kinawekwa kwenye saline, yaani maji safi ya chumvi, kwa ajili ya kuotesha vijidudu. Fomalini inaua kila kitu. Kinyama kilichotumbukizwa humo hakioti tena. Nimeshuhudia mgonjwa akikatwa kinyama mara mbili, akilipia mara mbili, kwa sababu kinyama chote kiliingia chupa moja. Na karatasi ya maabara iandikwe kinachotafutwa: fangasi, kifua kikuu na jamii yake, siyo neno "culture" (kuotesha) peke yake. Jamii ya kifua kikuu huota kwa wiki nyingi, na yule wa Buruli anapenda joto la chini kuliko la mwili, karibu nyuzi 30 hadi 32. Asiyeambiwa atatupa sahani baada ya siku chache na kuandika "hakuna kilichoota". Kinyama hicho hicho ndicho pia kinachokamata saratani ya ngozi iliyojificha kwenye unyayo.

Gharama naijua. Najua ndugu wanauza mbuzi ili mzee apimwe. Lakini nimeona pia fedha zinazokwenda kwenye antibaiotiki miezi sita zisizofanya kitu, na baada yake mguu wa bandia. Mgonjwa ana haki ya kusema, "Daktari, hiki kidonda kina wiki sita hakipungui, naomba kinyama kipimwe." Aseme kwa adabu, lakini aseme.

Nimalizie na nyumbani, kwa sababu baadhi ya wadudu wanaofika kwenye chumba chetu hawakutoka msituni. Panya wa Dar es Salaam wanakula vidole vya watu waliolala. Ukiwa na ganzi huamki. Mtu anaona damu kwenye shuka asubuhi na kidole kimetafunwa, na wengine wanaficha kwa aibu au wanadhani wamechezewa usiku, wanakuja siku nyingi baadaye mguu umeshaharibika. Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa hapa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa hao katika jarida la kitabibu mwaka 2005, na bado tunawapokea. Kwa hiyo nauliza kila mtu mwenye ganzi analala wapi. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, miguu ioshwe kabla ya kulala isibaki na harufu ya chakula, mabaki ya chakula yafunikwe, na kama analala chini apewe kitanda kabla ya kununuliwa kitu kingine chochote.

Kuna funza pia, ambaye wengine wanamwita tekenya. Alivuka bahari kutoka Amerika, akashuka Angola mwaka 1872, na ndani ya miongo michache akawa amefika pwani yetu. Jike anajichimbia pembeni ya kucha au kisiginoni, anavimba na mayai, anaacha kitone cheusi katikati ya uvimbe mweupe. Mwenye hisia anawashwa usiku kucha. Mwenye ganzi hana habari, na kwake naweza kukuta funza wengi wamekufa humo na usaha. Msimtoe kwa pini ya kushonea inayopita kwa watoto wote. Pini hiyo inaweza kuhamisha homa ya ini na VVU, na tundu linaloachwa linakaribisha pepopunda. Mafuta ya dimetikoni, yaliyojaribiwa Kenya na Uganda, yanamuua mdudu pale alipo bila kuchimba. Yasipopatikana, njoo kliniki, atatolewa kwa kifaa safi. Sakafu ya udongo imwagiwe maji na kufagiliwa, au isiribwe kama uwezo upo.

Kila jioni mtu mmoja wa nyumbani amshikie mwenye kisukari mguu, kwenye mwanga, aangalie unyayo, katikati ya vidole na kisigino. Akikuta alama ya meno, kitone cheusi, doa lisilosikia pamba au kinundu ambacho hakikuwepo, aje naye siku inayofuata asubuhi, na aje na kadi ya chanjo kama ipo, tuone kama sindano ya pepopunda bado inamlinda.